Vile Kware ya Murera Ilimea

Maitu,

Najua uko mzima kwa sababu nakusikia ukikoroma hapo nyuma ya pazia kama posho mill, kwa hivyo ile ya "natumai hujambo" tumeiruka. Mimi pia sijambo, ukitoa mgongo, magoti, na hii kalamu ambayo lazima uipige kofi ndio iandike.

Wacha kwanza nirudie vile uliniambia jioni, ndio usiseme sikusikia. Ulikuwa unaosha sufuria, ukasema bila kuniangalia:

"Baba, siendi Kajiado. Asubuhi nitapigia Achieng nimwambie atafute mtu mwingine wa hiyo kazi."

"Kwani Kajiado imehamishwa?"

"Usianze mzaha. Nani atakubebea gunia?"

"Gunia iko na masikio mbili. Nitaishika moja, yenyewe ijishike ile ingine."

"Baba!"

Ukaenda kulala. Hukucheka hata kidogo, na hapo ndio nilijua unamaanisha, kwa sababu hiyo ya masikio ilikuwa nzuri. Hata kanisani wangecheka.

Sasa naandika kwa sababu mdomo yangu iko na shida, nikiifungua inatoa mzaha. Imekuwa hivyo tangu nikiwa kijana. Labda karatasi itanishikisha adabu. Unajua shule niliwacha darasa la nne, kwa hivyo mahali sijaandika vizuri, soma na roho safi.

Nataka uende. Hiyo ndio barua yote. Hizi zingine ni maelezo.

Sitakuambia uvae sweta ama usiongee na watu hujui. Tangu mama yako akufe ni wewe umekuwa ukiniambia nivae sweta. Ukitaka maagizo, andika wewe uniachie hapo kwa kabati, nitajifanya nafuata. Mimi nataka kukuambia mambo ya kware, hili shimo letu la mawe hapa Murera. Unafikiri unaijua kwa sababu umekulia ndani yake na panga na gunia. Lakini wewe ulifungua macho ukaipata ikiwa kijani. Hukuona mwanzo.

Hapo mwanzo tulikuwa tunachonga mawe, watu wengi, nyundo na tindo, jua ikichoma mpaka unajua mahali ubongo iko. Kisha mawe mazuri ikaisha, ikabaki ile inavunjika kama mandazi ya jana. Mashini ikapelekwa kwingine na watu wakafuata mashini. Mwenye shamba, yule mzee wa Thika, akaniambia nikae niangalie watu wasimwage takataka hapo, na nikipata kitu ya kula ndani nikule. Nikaangalia ndani. Hakukuwa na kitu. Jiwe tupu, nyeupe, kutoka juu mpaka chini. Hata mjusi alikuwa anapita tu akienda kwa wenyewe.

Mama yako akanicheka. "Sasa umeajiriwa kuchunga jiwe isitoroke."

Na nikaichunga. Mwaka ya kwanza hakuna kitu, mpaka siku moja nikaona jiwe imeshikwa na kitu kama ukoko ya sufuria, ingine ya kijivu, ingine rangi ya haradali. Nilijaribu kuitoa na kucha, ikakataa. Mvua ikanyesha, hapo kando yake ikamea kitu laini kama manyoya ya kifaranga. Hiyo ilikuwa yote. Ukiniuliza ilikuwa ya maana gani, ningekuambia ni uchafu.

Lakini vumbi ikaanza kukaa mahali kulikuwa na huo uchafu. Kwa mwanya ya mawe ikamea nyasi. Kisha mubangi, hiyo gugu inanuka hata mbuzi inaomba msamaha. Kisha micege, ile inashika suruali kama mtu anataka umlipe deni. Hizo ndizo zilikuja kwanza, Maitu, na hazina adabu. Haziulizi kama kuna mchanga wala kama zimealikwa. Zikiona mahali kila mtu amekataa, zinasema hapa ni kwetu.

Ndio nikaanza kuuza micege kwa watu wa sungura pale Ruiru. Watu wakasema, huyo mzee anauza magugu. Nikawaambia ni kweli, lakini ni magugu ya leo asubuhi.

Sikujua kitu moja. Hizo micege na mubangi zilikuwa zinakufa kila kiangazi, zinaanguka hapo hapo, zinaoza. Mimi nilikuwa nazipiga teke ndio nipite. Kumbe hiyo ndio ilikuwa inakuwa mchanga, ule mweusi wa kupanda. Hakuna lori ilileta mchanga kwa hiyo kware. Ni zile za kwanza zilikufa zikalala chini, za pili zikapata pa kusimama.

Kisha miaka mizuri ikafika. Wewe ulikuwa darasa la tatu hivi, ukitoka kware sweta yako imejaa micege mpaka mama yako anauliza nani ameleta nungunungu kwa nyumba. Unakumbuka, ama umesahau? Mboga ya managu hapa, terere pale, thabai ile inawasha kwa kivuli ya ukuta, matunda ya nathi ya kukula ukitembea, mbariki imesimama kama polisi. Vipepeo. Nyuki ikaingia kwa shimo la juu, upande wa kule. Ndege zilikuja na kelele, nikaanza kuamka bila simu. Mvua ikinyesha kila wiki kulikuwa na kitu mpya sijui jina, naipeleka kwa nyanya yako wa Gatanga anasema hii ni dawa, hii ni sumu, hii hata mimi sijui, tupa.

Nikifika Githurai na gunia zangu wale akina mama walikuwa wananiita kutoka mbali.

"Mzee wa Kware! Leo umeleta shamba yote?"

"Mlango nimewacha!"

Na nyumba yetu pia ilikuwa imejaa, kumbuka. Wewe na ndugu yako Ngugi, dada za mama yako wawili, binamu ya Murang'a alikuja wiki moja akakaa mpaka akaoa, na yule kijana wa kufanya kazi kwa kahawa alikuwa analala jikoni. Kuingia choo ilikuwa ni kupanga laini. Mimi nilikuwa nalalamika kila siku, na nilikuwa nimefurahi kila siku. Nikafikiria: mwanzo kulikuwa na jiwe, sasa kuna hii yote, basi mwaka ujao itakuwa zaidi, na ule mwingine zaidi. Kwani nani angeniambia kuna mahali inafika inakoma?

Ndege ndio zilileta miti. Zilikuwa zinakula matunda kwingine zikija kunya kwangu, pole kwa kusema hivyo, lakini ndivyo mukuyu iliingia kwa ule mwanya mkubwa. Kisha muringa, kisha mukinduri. Mara ya kwanza nilizipenda. Nilikuwa nakaa chini nakula chai na mkate kama tajiri. Sikuona vile kila mwaka kivuli ilikuwa inaongeza hatua moja, na managu inarudi nyuma hatua moja.

Pale Githurai wakaanza kuniuliza, "Mzee, leo ni terere pekee?" Nikasema kesho. Kesho ikawa terere pekee.

Nikaingiwa na woga. Dada za mama yako walikuwa wameolewa. Binamu amehama na bibi yake. Kijana wa kahawa ameenda. Mama yako ameanza kukohoa. Nikaona kila kitu inanitoka kwa mkono, na mimi kitu nilikuwa nayo kwa mkono ni panga. Nikanoa.

Mama yako alinikuta nikinoa. Akauliza, "Unafyeka ndio iwe nini?"

"Ndio irudi kama ule mwaka."

Akasema, "Basi nifyeke na mimi, nirudi kuwa msichana."

Mimi nilicheka. Nilifikiri ni mzaha, kwa sababu kwa nyumba yetu mimi na yeye hiyo ndio ilikuwa lugha. Sikuuliza kama ni mzaha. Nikaenda.

Wakati huo huo Ngugi alikuwa ameitwa Nakuru. Fundi mmoja wa malori alikuwa amekubali kumfunza kazi. Nikamwambia, "Ukienda nani atanisaidia kufyeka?" Unasikia hiyo? Nilimnyima kijana yangu kazi ya maisha ndio anisaidie kukata miti. Alikaa. Tulifyeka pamoja bila kuongea, tukachoma. Upande ule wa nyuki pekee ndio hatukufika, kwa sababu nyuki zilitufukuza mpaka barabarani, na hiyo ndio siku ya mwisho nilimwona Ngugi akicheka na mimi.

Mvua ikaja. Mimi nikasimama pale juu na gunia yangu tupu nikingoja managu.

Ikamea mubangi. Mubangi peke yake, kutoka ukuta mpaka ukuta, ikinuka. Na mahali kulikuwa na mteremko maji ilibeba ule mchanga wote ikapeleka chini kwa dimbwi, jiwe ikatoka tena, nyeupe. Unaelewa? Nilidhani nikifyeka nitarudi ule mwaka mzuri. Nilirudi mwaka wa kwanza, na mgongo sasa ni ya mzee.

Ngugi aliondoka baada ya hapo, na Nakuru walikuwa wameshapata mtu mwingine. Unajua yuko Githurai anauza kava za simu. Nikipita na gunia ananiita, "Sasa mzee, uko poa?" Hajawahi kunikosea heshima hata siku moja. Lakini ni ile salamu ya kastoma, Maitu. Mimi najua salamu ya kastoma, mimi mwenyewe ndio naiuza.

Achieng ulimjua kabla yangu. Alikuja na wanafunzi wenzake kutoka ile hosteli ya Wendani, wakiwa na kamba na vijiti, wakatengeneza mraba kwa chini, wakaanza kuhesabu kila kitu iko ndani. Wewe ukaenda kushika kamba. Mimi nilidhani wanapima ploti, nikashuka mbio.

Akaniuliza, "Mzee, huu upande ulifyekwa?"

"Ulifyekwa."

"Na nani?"

"Na mjinga mmoja."

"Anaishi wapi?"

"Unaongea na yeye."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikamuuliza swali sikuwa nimeuliza mtu yeyote. Nikamuuliza kwa nini zile aina zilinitoroka, nilizikosea wapi. Akachora na kidole kwa vumbi. Akasema mahali pakiwa tupu aina zinakuwa kidogo, ni zile ngumu tu. Kisha zinaongezeka, zinaongezeka, kwa sababu jua bado iko na mchanga imekuja, kwa hivyo wa jua na wa kivuli wote wanapata nafasi. Akapandisha kidole juu kama kilima. Kisha miti mikubwa inashika jua, na wale wa jua wanaondoka, na kidole yake ikaanza kushuka.

"Kwa hivyo si mimi niliwafukuza?"

"Hapana, mzee. Hawa hungeweza kuwazuia. Wale ulikata na panga ndio ulifukuza."

Nilienda nyumbani na hiyo maneno. Wewe ulifikiri nimechoka na jua. Miaka yote nilikuwa nimebeba yale mawili kama gunia moja: yale yalienda kwa sababu wakati wao uliisha, na yale yalienda kwa sababu nilikuwa nashikilia na nguvu. Mama yako alikuwa wa ile aina ya kwanza. Ngugi ni wa ile ya pili. Nilikuwa nawalilia sawa, na kwa Ngugi kulia haikuwa kazi, kazi ilikuwa kwenda kumwambia nilikosea. Bado sijaenda. Nitaenda. Nimeandika hapa ndio ukinipigia uniulize kama nimeenda.

Ule upande wa nyuki, ule hatukufyeka, nimekuwa nikienda huko sana. Huwa nakuambia naenda kutafuta mboga. Siendi kutafuta mboga, hakuna mboga huko. Naenda kukaa. Chini kumebaki aina chache, ni kweli, huwezi kujaza gunia. Lakini kuna uyoga kwa gogo sikuwahi kuona zamani. Kuna ile majani inajikunja kama mkia ya kinyonga. Kuna ndege mmoja hapendi kuonekana, anaimba kama mtu anafungua kizibo. Hawa wote hawangekuja kama ni ile miaka yangu mizuri. Ilikuwa na jua mingi sana kwao. Sisemi ni afadhali. Mimi bado napenda ile miaka ya kelele, hata ukiniamsha usingizini. Nasema tu kwamba nakaa hapo na sichukii, na kuna wakati nilikuwa nafikiri nitachukia mpaka nikufe.

Nimechoka, Maitu. Usiku wa leo sitakudanganya na mzaha. Nikipandisha ule mteremko na gunia nasimama mara nyingi, nikiona mtu najifanya naangalia simu. Umeniona. Ndio sababu unataka kubaki. Lakini sikiliza hii vizuri: ukibaki, hutabaki na yule baba wa ile miaka. Utabaki na mzee na gunia nusu. Na kila mwaka utasema mwaka ujao nitaenda, na Kajiado haitakuwa inangoja. Mimi nishawahi kuona hiyo sinema, mimi ndio nilikuwa mbaya ndani yake.

Huko unaenda ni kware kubwa kuliko yetu mara nyingi, wamemaliza mawe, na Achieng anasema wanataka ioteshwe tena. Utafika upate jiwe nyeupe. Utaangalia useme, baba alikuwa anasema nini huyu, hapa hakuna kitu. Utachoka kabla hujaona hata nyasi. Watu wa ofisi watataka miti mikubwa wiki ya pili. Mimi sijui kazi yao, wewe na Achieng mnajua. Najua tu kile niliona: zile zitakuja kwanza zitanuka na zitakudunga. Mimi nilizipiga teke.

Sasa hii ya mwisho, na usipige kelele ukiamsha majirani.

Kitanda yako nimepeana.

Unamjua Wafula, yule kijana wa mjengo kutoka Kakamega, anakuwanga kwa ile gorofa mpya hapa juu? Amekuwa akilala saiti kwa simiti. Juzi nilimwambia mtoto yangu anahama, aje na godoro yake. Anafika kesho adhuhuri. Atakuwa ananibebea gunia mpaka steji kabla aende kazi, na jioni atakuwa ananichosha na hadithi za mpira. Anaweka chumvi kwa uji, nimemwona na macho yangu. Sijui tutaishi aje. Lakini ni mtu mzuri na mkono yake ni kama jeki ya lori.

Sikufanya hivyo kwa sababu sikutaki. Nilifanya kwa sababu najijua. Asubuhi ukiniangalia na ile uso ya mama yako ukisema "Baba, siendi," mimi nitasema, "Haya, basi, weka chai." Nitafurahi siku hiyo yote. Kwa hivyo nimejifungia mlango nikiwa bado na akili. Ukibaki utalala kwa kiti, na Wafula ataona aibu, na sote watatu tutakaa hapa tukiangaliana kama wagonjwa wa foleni.

Na usinitafute asubuhi. Nitakuwa nimetoka na giza, nimeenda Githurai. Sina gunia ya kupeleka. Naenda kwa meza ya kava za simu kabla kastoma wajae.

Nimekuita Maitu, yaani mama, tangu siku ulizaliwa, kwa sababu ulichukua jina ya mama yangu, na ndivyo tunafanya. Mama yangu alinilea, kisha wewe ukanilea. Mimi ni mtu nimelelewa mara mbili na bado sijakomaa. Sasa pumzika kunilea.

Ukifika huko usinipigie kila jioni kuniuliza kama nimekula. Nitakuambia nimekula hata kama sijakula, na utajua, na tutakaa hapo kwa laini tukimaliza kredo ya simu. Nipigie siku utaona kitu imemea kwa hiyo jiwe. Hata kama ni ule uchafu wa rangi ya haradali. Sema tu, "Baba, kumemea kitu." Mimi nitauliza ni ya aina gani, na tutaanzia hapo.

Babako,
Mzee wa Kware